Kanisa la Sant Climent de Taüll: Kuta, Michoro na Sheria Inayoyalinda

Kutokana na malalamiko ya wageni wa bonde la Boí, katika milima ya Pirenei nchini Hispania, kwamba katika kanisa la Sant Climent, kijijini Taüll, huoneshwa mwanga wa projekta badala ya michoro halisi ya ukutani, umma unapaswa kufahamishwa yafuatayo.

Kanisa hili la kijijini lilitabarukiwa na Askofu Ramon wa Roda tarehe 10 Desemba 1123, na kesho yake akatabaruku lile la Santa Maria katika kijiji hicho hicho. Ni la mtindo wa Romaneski, yaani ujenzi wa Ulaya wa Zama za Kati: kumbi 3 sambamba zinazotenganishwa na nguzo za mviringo, paa la mbao na, upande wa mashariki, kuta 3 za nusu duara. Wanaodhani kwamba vijijini walijenga ovyo watazame kwanza mnara wa kengele, ghorofa juu ya ghorofa, na mikanda yake ya matao madogo iliyoigwa kwa mafundi wa Lombardia, kaskazini mwa Italia.

Michoro haikuibwa, ingawa dai hilo halichoki kurudiwa. Baada ya michoro ya kanisa la Santa Maria de Mur kuuzwa mwaka 1919 na hatimaye kuishia Boston, Marekani, Bodi ya Makumbusho ya Barcelona iliinunua ya Taüll na makanisa jirani, na hadi kufikia 1923 mafundi wa Kiitalia walikuwa wameibandua kwa kugandisha kitambaa juu ya rangi kwa gundi, kisha kukivuta pamoja na tabaka la rangi. Kristo Mtukufu wa Taüll, mchoro mkuu wa kanisa hili, yuko Barcelona hadi leo. Nakala iliyochorwa baadaye ukutani iliondolewa, na tangu 2013 projekta huangaza picha kamili juu ya mabaki ya asili, ambayo ni halisi kabisa.

Kwa mujibu wa sheria ya Hispania ya urithi wa kihistoria, Sheria Na. 16 ya 1985, kazi yoyote katika jengo lililosajiliwa kuwa urithi wa kitamaduni, kama kanisa hili, hata kutoboa tundu la taa kwa nia njema, inahitaji kibali kabla haijaanza. Uharibifu unaoweza kuthaminishwa hutozwa faini kuanzia thamani yake hadi mara 4 ya thamani hiyo. Aidha, anayegundua kitu cha kale kwa bahati na kutoa taarifa hustahili tuzo, lakini tuzo hiyo haihusu sehemu za jengo lililosajiliwa. Hizo hutolewa taarifa ndani ya siku 30, bila malipo, hata kama aliyezipata amezibeba kwa uangalifu mkubwa.