Anayesikia macho yake yakigeuka si mgonjwa wa akili

Mgonjwa akikuambia anasikia macho yake yakigeuka, kama msasa ukipita juu ya ubao, usimkatize wala usimpe dawa za wasiwasi. Mwulize: akitembea, visigino vinagonga kichwani? Sauti yake mwenyewe inamvumia sikioni kana kwamba yumo ndani ya pipa? Akipiga chafya, au honi ikilia karibu, vitu vinayumba mbele yake? Akikubali mawili matatu, fikiria tundu kwenye mfupa unaofunika mfereji wa juu wa nusu duara, ndani kabisa ya sikio. Lloyd Minor, daktari wa masikio, na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliieleza hali hii mwaka 1998.

Sikio la ndani lina madirisha mawili: kwenye moja, kikuku, kifupa kidogo cha sikio la kati, husukuma majimaji, jingine huyapa nafasi ya kusogea. Mfupa ukitoboka, linapatikana la tatu. Sauti ya hewani huvujia huko, mgonjwa akasikia hafifu. Sauti za mwilini, zinazopita mifupani, humwingilia kwa nguvu. Mfereji huo ni wa mizani ya mwili, kwa hiyo majimaji yake yakisukumwa, kizunguzungu kinakuja.

Wengi hupotezwa na kipimo cha usikivu. Kwenye sauti nzito, 250 na 500 Hz, huonekana pengo kati ya usikivu wa sauti ipitayo hewani na ule wa sauti ipitayo mfupani, sawasawa na la kikuku kilichoganda, yaani kisichotikisika. Mtu anafanyiwa upasuaji wa kikuku, na pengo linabaki palepale! Kabla ya kisu, pima rifleksi ya kikuku, yaani msuli wake kujikaza wenyewe sauti kubwa ikilia: kikiganda, kwa kawaida hupotea, kwenye tundu, huwa ipo. Halafu upande wa mfupa usiishie desibeli 0. Shuka hadi -5 na -10, maana wagonjwa hawa husikia hata huko. Ile uma ya chuma ya kupimia usikivu nayo, ukiigonga na kuiweka kwenye kifundo cha mguu, baadhi yao huisikia sikioni.

Picha ya CT, eksirei inayoonyesha sikio vipande vipande, iwe ya vipande visivyozidi milimita 0.6, ipangwe upya kufuata mfereji wenyewe. Vipande vinene huufanya mfupa mwembamba uonekane umetoboka, ndiyo maana picha peke yake haitoshi. Lazima ikubaliane na dalili na vipimo.

Wengine hutosheka kukwepa kelele na kujikamua. Anayeteseka huzibwa mfereji kwa upasuaji, lakini usikivu unaweza kupungua. Pima masikio yote mawili kwanza, kwa sababu tundu linaweza kuwa pande zote.