Mgeni siku mbili, hata akiwa nabii

Kila idara yetu ya historia ya Kanisa inapopokea wageni, hakosi mmoja wa kuuliza: "Vile vitabu vilivyoondolewa kwenye Biblia, mnavyo?" Ukimdodosa, unakuta ameona video kwenye simu inayosema maaskofu walikutana Nikea mwaka 325, wakachagua vitabu vya kubaki na vya kuchomwa. Mtaguso wa Nikea ulitoa kanuni 20, na zote zipo mpaka leo. Zinazungumzia makleri wanaokopesha kwa riba, waumini waliokana imani wakati wa mateso, hata suala la kusimama au kupiga magoti Jumapili. Hakuna hata moja inayopanga orodha ya vitabu vya Biblia.

Tuondoe na mkanganyiko mwingine. Mkatoliki ana Biblia ya vitabu 73, Mlutheri ana 66, lakini tofauti yao iko kwenye Agano la Kale: Tobiti, Yudithi, Wamakabayo na wenzao. Agano Jipya lao ni lile lile la vitabu 27. Maandishi ninayotaka kuyaeleza hayamo katika Biblia ya yeyote kati yao.

Ni maandishi ya watu waliowafuata mitume kwa karibu. Klementi wa Roma aliwaandikia Wakorintho waliokuwa wamewaondoa wazee wao. Ignasi wa Antiokia aliandika barua akiwa njiani kupelekwa Roma kuuawa. Yupo pia Herma na kitabu chake kirefu kiitwacho Mchungaji, ambacho, niseme ukweli, huwachosha wanafunzi wangu kabla hawajafika nusu. Ila mgeni akiniuliza aanze na kipi, namshika mkono hadi kwenye Didake.

Didake ni neno la Kigiriki, maana yake mafundisho. Jina lake refu ni Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili, ingawa hakuna mtaalamu anayedai kwamba mitume wenyewe ndio walioshika kalamu. Wengi hukiweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2, na wengi huhisi kilitungwa maeneo ya Shamu. Kina sura 16 fupi. Unaweza kukimaliza kabla chai haijapoa. Usitafute humo siri za mbinguni. Ni kitabu cha mwongozo, kama ule ambao katekista angeuweka mfukoni.

Chukua habari ya ubatizo. Kitabu kinaagiza kubatiza katika maji yaliyo hai, yaani yanayotiririka. Hayapo? Batiza katika maji mengine. Ya baridi hayawezekani? Tumia ya moto. Hata hayo yakikosekana, mimina maji kichwani mara tatu kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Mabishano ya kuzamisha na kumimina yamegawa makanisa mengi, nasi huku tunayajua. Mwandishi wa Didake anayapita kwa sentensi chache tu, kwa sauti ya mtu aliyewahi kubatiza mahali penye ukame.

Sura ya 11 mpaka ya 13 ndizo zinazowafanya wanafunzi wacheke, kisha wanyamaze. Zamani zile wahubiri wengi walikuwa wasafiri. Walipita kijiji kwa kijiji, wakapokelewa na ndugu katika imani, wakala, wakalala, wakaendelea na safari. Ukarimu huo ulivuta na matapeli. Basi kitabu kinaweka masharti. Mtume akija, apokelewe kama Bwana. Akae siku moja, na ikibidi ya pili. Akikaa siku tatu, ni nabii wa uongo. Akiondoka, apewe mkate wa kumfikisha atakapolala. Akiomba fedha, ni nabii wa uongo.

Nabii akisema katika Roho kwamba meza iandaliwe, naye akaketi kuila, huyo pia ni wa uongo. Akifundisha kweli lakini hatendi anayofundisha, jibu ni lile lile. Akisema katika Roho, "Nipeni fedha," msimsikilize; lakini akiomba kwa ajili ya wengine wenye shida, mtu asimhukumu. Angalia jinsi mizani ilivyowekwa. Kitabu hakiwachukii manabii. Kinakataza hata kumjaribu nabii anaponena katika Roho. Kinachotaka ni watu waangalie mwenendo wake, na mkono wake unakoelekea.

Kwa msafiri wa kawaida sheria inafanana ajabu na methali yetu ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Asaidiwe, akae siku mbili au tatu ikihitajika. Akitaka kuhamia na ana ufundi, afanye kazi ndipo ale. Asiye na ufundi, jumuiya itafute namna ya kuishi naye ili Mkristo asikae bure kati yao. Akikataa, Didake ina neno moja la Kigiriki la kumwita, ambalo Kiswahili kinalibeba vizuri: mchuuzi wa Kristo. Jihadharini na watu wa namna hiyo, kinaonya.

Nabii wa kweli anayetaka kukaa nao anastahili kula. Apewe malimbuko ya divai na nafaka, ng'ombe na kondoo, mafuta, fedha na nguo. Na kama hamna nabii kwenu? Wapeni maskini.

Mengine niyapitie haraka. Wafunge Jumatano na Ijumaa, siku ambazo Waorthodoksi, wakiwemo jirani zetu wa Ethiopia, wangali wanafunga. Wasali Baba Yetu mara tatu kwa siku. Sala za ekaristi zinaanza na kikombe, ndipo mkate, na ombi la mkate ni zuri mno kuliacha: kama mkate huu uliomegwa ulivyokuwa umetawanyika juu ya milima, ukakusanywa ukawa mmoja, ndivyo Kanisa lako likusanywe kutoka miisho ya dunia.

Kwa nini basi hakimo katika Biblia? Mwaka 367 Atanasi, askofu wa Aleksandria, aliyapelekea makanisa ya Misri barua ya Pasaka, na humo akataja vitabu 27 vya Agano Jipya tulivyo navyo. Baada ya orodha aliongeza kundi la pili: vitabu ambavyo si vya kanoni, yaani orodha rasmi ya vitabu vya Biblia, lakini mababa waliviweka visomwe na wanaoanza kujiunga na Kanisa. Humo alitaja Mafundisho ya Mitume na Mchungaji wa Herma. Vitabu alivyovishambulia kuwa vya kubuniwa na wazushi alivitenga katika kundi la tatu. Kwa hiyo askofu yule yule anayelaumiwa kwa kufunga mlango ndiye aliyependekeza Didake isomwe.

Kilichoiua ni mafanikio yake. Katika karne hiyo hiyo ya 4 ulitungwa mkusanyo mkubwa wa taratibu za Kanisa, Katiba za Mitume, na Didake ikamezwa karibu nzima ndani ya kitabu chake cha saba, ikiwa imepanuliwa na kurekebishwa. Wahubiri wa kupita walikuwa wamepungua, maaskofu wamekaa imara. Nani angelipa mwandishi anakili mwongozo wa zamani wakati mpya upo?

Hata hivyo mmoja alinakili. Mwaka 1056 mwandishi aitwaye Leo alimaliza kitabu cha Kigiriki chenye Didake, barua za Klementi na maandishi mengine. Mwaka 1873 Philotheos Bryennios, msomi wa Kanisa la Kiorthodoksi, alikikuta kwenye maktaba ya Patriarki wa Yerusalemu iliyokuwa Konstantinopoli. Alivutiwa kwanza na barua za Klementi, akazichapisha mwaka 1875. Didake, iliyokuwa ndani ya jalada lile lile, aliichapisha mwaka 1883.