Kinga ya Joto Dhidi ya Barafu Kwenye Ndege: Maana na Asili Yake

Kinga ya joto ni utaratibu wa kupasha moto sehemu za ndege zinazotangulia kukutana na hewa, hasa ukingo wa mbele wa mabawa na wa mkia, ili maji yanayozipiga angani yasipate nafasi ya kuganda. Utaratibu huu hutofautiana na ule wa kubandua barafu, ambapo barafu huachwa ijijenge kwanza ndipo ivunjwe. Tofauti hiyo yaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini utafiti wa serikali ya Marekani ulichukua karibu miaka 20 kuitatua.

Wingu lenye baridi chini ya nyuzi 0 za Selsiasi si lazima liwe la barafu. Matone madogo sana, yasipopata chembe ya kuanzia kuganda, huweza kubaki maji hata baridi ifikapo nyuzi 20 chini ya sifuri, na yanapogongwa na bawa ndipo hugeuka barafu. Baridi ikiwa kali, huganda papo hapo na kuacha tabaka jeupe lililojaa hewa. Baridi ikiwa karibu na sifuri, maji hutiririka kidogo kabla ya kuganda, na barafu angavu inayotokea huota pembe zinazoharibu kabisa umbo la bawa. Hii ndiyo ya kuogopwa zaidi. Wala jambo hili si la nchi za baridi peke yake, kwa kuwa hata juu ya ikweta hewa hufikia sifuri kwenye kimo cha takriban mita 5,000.

Katika miaka ya 1920, marubani wa Marekani waliobeba barua kwa ratiba, usiku na majira ya baridi, hawakuweza tena kungoja mawingu yapite. Suala hilo lilishughulikiwa na NACA, kamati ya serikali ya utafiti wa urukaji iliyoundwa mwaka 1915. Mwaka 1928 maabara yake ya Langley, Virginia, ilikuwa na handaki dogo la upepo, yaani njia ya kupulizia hewa vitu vinavyojaribiwa, lenye mitambo ya kupoza hewa, na mwaka uliofuata Thomas Carroll na William McAvoy walitoa ripoti ya safari walizofanya wakitafuta barafu kwa makusudi. Wengi walidhani kwamba ndege huangushwa na uzito wa barafu. Wao walionyesha kwamba hatari kubwa zaidi ni umbo, yaani bawa lililoharibika sura hupoteza nguvu ya kunyanyua huku ukinzani wa hewa ukiongezeka. Kwa maoni yangu, ugunduzi huo una thamani kuliko mitambo yote iliyofuata, kwa sababu ulionyesha mahali pa kukinga.

Mafuta na grisi zilizopakwa kwenye mabawa hazikufaa kitu. William C. Geer, mkemia aliyewahi kuwa wa kampuni ya B.F. Goodrich, alibuni mikanda ya mpira inayojazwa hewa na kutolewa hewa ili kuvunja barafu, na mashirika ya ndege yakaipokea. Mwaka 1931 Theodore Theodorsen na William Clay wa Langley walionyesha kwamba joto la moshi wa injini, ambalo hutupwa bure, linatosha kulinda bawa. Hata hivyo, mpira ulikuwa tayari kutumika, na joto lilidai bawa lisanifiwe upya kwa ndani.

Aliyeling'ang'ania joto ni Lewis Rodert, aliyeanzia Langley na baadaye akahamia maabara ya Ames, California. Katika ndege ya Lockheed 12A, moshi wa injini ulipasha hewa safi, nayo hewa hiyo ikapitishwa ndani ya ukingo wa bawa. Vita vilipopamba moto, mbinu hiyo ilifanyiwa kazi kwenye ndege kubwa za kijeshi, na Rodert akapewa Tuzo ya Collier ya mwaka 1946, tuzo ya Marekani ya mafanikio ya urukaji.

Mwaka 1944 NACA ilifungua huko Cleveland, Ohio, handaki la upepo la kutafiti barafu, lenye sehemu ya majaribio ya mita 1.8 kwa 2.7. Kupoza hewa hakukuwa kazi ngumu kama kunyunyiza matone madogo kama ya wingu, yenye upana wa sehemu chache za mia za milimita. Midomo ya kunyunyizia ilisumbua kwa miaka kadhaa.

Ujio wa injini za jeti uliondoa haja ya kupasha hewa kwa moshi, kwa kuwa hewa iliyoshindiliwa ndani ya injini tayari ni ya moto na huweza kuelekezwa kwenye bawa moja kwa moja. Ndege za propela hazina hewa nyingi ya kugawa namna hiyo, na ndiyo maana ATR 72, ambazo wasafiri wengi wa Afrika Mashariki wamezipanda, hadi leo zina mikanda ya mpira kwenye kingo za mabawa.