Halakha: misingi au tafsiri?

Halakha ni sheria ya dini ya Kiyahudi, na neno lenyewe limetokana na kitenzi cha Kiebrania chenye maana ya kwenda. Si mambo ya mahakama tu. Humwongoza mtu tangu anapoamka mpaka anapolala: anachokula, anavyooa, anavyouza shamba, asichokigusa siku ya Sabato. Je, ina misingi isiyoyumba, au kila rabi hufasiri apendavyo? Kwangu mimi, jibu linaonekana vizuri zaidi jikoni.

Torati inasema mahali patatu: usimchemshe mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake. Basi. Haikutaja jibini wala ng'ombe. Marabi wakauliza amri moja irudiwe mara tatu ya nini, ilhali Torati haipotezi neno. Wakajibu: mara moja kukataza kupika nyama na maziwa pamoja, mara moja kukataza kula, na mara moja kukataza kunufaika nacho, hata kwa kukiuza. Hiyo ni tafsiri, hakuna ubishi. Lakini haikuokotwa njiani. Kuna kanuni za kusomea maandiko. Orodha inayonasibishwa na Rabi Ishmaeli ina 13, na ya kwanza ni kutoa hukumu ya jambo zito kutokana na jepesi. Aliyekaa darasani kusoma fikihi, elimu ya sheria ya Kiislamu, ataona haiko mbali na kiyasi, yaani kupima jambo kwa jingine linalofanana nalo.

Sasa njoo kwa kuku. Kuku hana maziwa! Rabi Yose Mgalilaya alishika hoja hiyohiyo, na Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi wa kale, inasimulia kwamba mjini kwake watu walikula nyama ya ndege kwa maziwa. Wenzake walikataza, kwa kuhofia kwamba aliyezoea kuku na jibini hatachelewa kufika kwenye mbuzi. Katazo likashinda, na ndilo linalofuatwa mpaka leo, ila cheo chake hakikubadilika: ni la marabi, si la Torati. Na cheo kina kazi. Shaka ikiingia katika jambo la Torati, hufuatwa lililo gumu. Ikiingia katika jambo la marabi, hufuatwa lililo jepesi. Kanuni hii haipindi kwa kumwonea mtu haya.

Halafu kuna suala la kusubiri. Ukishakula nyama, ungoje muda gani kabla ya maziwa? Katika Talmudi, rabi mmoja, Mar Ukva, anajiita siki, mwana wa divai, yaani hamfikii baba yake: baba yake akila nyama leo hali jibini mpaka saa kama hiyo kesho, lakini yeye huacha tu mlo huu, akala mlo unaofuata. Kutoka mlo hadi mlo ni saa ngapi? Maimonides, mwanazuoni wa karne ya 12, aliandika kama saa sita, na wengi hufuata hivyo. Wayahudi wa asili ya Ujerumani wamezoea saa tatu, wa Uholanzi saa moja. Maandishi ni yaleyale, saa ndizo zinazotofautiana, na hakuna anayemwambia mwenzake kwamba ametoka kwenye dini. Wa pwani waliokulia kati ya Mashafii na Waibadhi, Waislamu wa madhehebu mawili tofauti, hawatashangaa.

Rabi Yosefu Karo, aliyeishi Safed, mji wa Galilaya, alijaribu kupunguza wingi huo kwa kitabu chake Shulhan Arukh, yaani meza iliyoandaliwa, kilichochapishwa Venice mwaka 1565. Kwa kawaida aliwapima wanazuoni watatu wakubwa waliomtangulia, akafuata wawili wanapokubaliana. Moses Isserles wa Krakow akaona desturi za Wayahudi wa Ujerumani na Poland zimeachwa nje, akaongeza maelezo yake na kuyaita kitambaa cha meza. Tangu hapo Wasefaradi, Wayahudi wenye asili ya Hispania, hufuata meza; Waashkenazi, wenye asili ya Ujerumani na Ulaya ya Mashariki, hufuata meza na kitambaa chake.

Tofauti hiyo iko wazi kwenye Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ambayo chachu hailiwi. Wasefaradi wengi hula wali. Waashkenazi walikatazwa mchele na maharage kwa desturi, ingawa Talmudi haikukataza. Mwaka 2015 kamati ya sheria ya Wayahudi wa mrengo wa Conservative huko Marekani iliwaruhusu. Wayahudi Waorthodoksi wa Kiashkenazi, wa mrengo unaoshikilia zaidi desturi za kale, hawakuipokea ruhusa hiyo, na mchele wao bado husubiri kabatini mpaka siku nane zipite.