Je, wajua kompyuta moja inawezaje kuendesha Windows na Linux kwa wakati mmoja?

Ukiwa na laptopu ya Windows, weka programu ya VirtualBox, kisha usakinishe Linux, mfumo endeshi mwingine kama Windows, ndani yake. Dirisha litafunguka, mistari ya maandishi meupe itapita mbio kama kompyuta inayowashwa, halafu utaulizwa nywila. Linux hiyo haina habari kwamba imo ndani ya dirisha. Inaona prosesa, kumbukumbu na diski, na inaviamini kuwa ni vyake. Diski yenyewe ni faili moja tu kubwa, jina lake huishia na .vdi, na unaweza kulinakili ukaliwasha kwenye kompyuta nyingine. Kompyuta hiyo iliyo ndani ya dirisha ndiyo mashine pepe.

Kazi yote ya kuisimamia hufanywa na programu iitwayo haipavaiza. Amri za kawaida, mfano kujumlisha namba, mfumo mgeni, yaani ile Linux ya ndani, huzipeleka moja kwa moja kwenye prosesa halisi, ndiyo maana kasi haishuki sana. Utata uko kwenye amri nyeti, kama ile ya kuzuia kibodi au kadi ya mtandao isiikatize prosesa kazi. Mgeni akiachiwa aitoe, anaweza kuigandisha kompyuta nzima. Kwa hiyo, katika njia ya msingi, prosesa humsimamisha papo hapo na kumwita haipavaiza, naye hutekeleza ombi hilo upande wa mgeni huyo pekee, kisha humrudishia zamu.

Mpango huu si mpya. IBM ilitangaza mfumo wa mashine pepe uitwao VM/370 mwaka 1972, ili watumiaji wengi wagawane mashine moja kubwa na ghali, kila mmoja akijiona ana yake. Prosesa za kompyuta zetu za mezani ndizo zilizoleta shida. Zilikuwa na amri kama POPF: asiye na mamlaka akijaribu kuitumia kuzuia ukatizaji, prosesa haikulalamika, ilipuuza tu kimyakimya. Haipavaiza ingejuaje kwamba kuna jambo limeombwa?

VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilipata njia ambayo kwangu ni ya ustadi mkubwa: kuisoma programu ya mgeni inapokaribia kutekelezwa, na kuzibadilisha amri hizo korofi kabla hazijafika kwenye prosesa. Mwaka 2005 Intel ilianza kuuza prosesa zenye uwezo wa kuendesha mashine pepe ndani yake, AMD ikafuata 2006. Mwaka huohuo wa 2006 Amazon ikaanza kukodisha mashine pepe kwa saa, na leo tovuti nyingi unazofungua zinaishi humo.

Ukitaka kujaribu, fungua Task Manager ya Windows uangalie sehemu ya CPU kama uwezo huo umewashwa. La sivyo, uwashe kwenye BIOS, mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Na angalia kumbukumbu kwanza. Prosesa hugawanwa kwa zamu, lakini GB 4 ulizompa mgeni kati ya 8 huzikalia anapozitumia, na Windows yako itabanana na zilizobaki.