Usiegemeze bampa ukutani: joto la stoo linavyopinda bodi za plastiki

Watu wengi wakishatoa bampa au fenda ya plastiki kwenye gari wanaisukumia tu stoo, wanaiegemeza ukutani au wanaiwekea spea zingine juu, halafu siku ya kufunga matundu hayalingani na fundi analaumiwa bure. Sisi tunaofundisha ufundi wa bodi tunaliona hili sana na linauma, maana ni kitu kizima kimeharibika kikiwa kimekaa tu.

Bampa nyingi ni polipropilini, aina ya plastiki, iliyochanganywa na mpira, geuza upande wa ndani uangalie, mara nyingi imeandikwa PP+EPDM. Sasa mtu akisikia polipropilini inayeyuka kwenye digrii 160 hivi anaona yuko salama, kumbe haihitaji kufika huko, kwenye digrii 60 tu ishalegea kiasi kwamba ikilaliwa na mzigo, au ikibeba uzito wake yenyewe kwa wiki kadhaa, inapinda pole pole na ikipoa inabaki hivyo hivyo. Kontena la chuma lililopigwa jua linafika joto hilo, na pale juu chini ya bati ni pabaya zaidi.

Ndio maana nasisitiza mkao. Iweke kama inavyokaa kwenye gari, ishikiliwe sehemu nyingi kwa urefu wote, isining'inie kwenye ncha mbili, na usiikaze kwa kamba kwa sababu plastiki ikipata joto inatanuka mara kadhaa zaidi ya chuma: bampa ya mita moja na nusu joto likipanda digrii 30 inaweza kurefuka karibu milimita 3, ikikosa pa kwenda inavimba katikati. Kama huna nafasi ya rafu basi iache kwenye gari, kweli kabisa, ni salama zaidi. Jua la dirishani nalo lizuie, linapausha na kukausha plastiki.

Baridi nayo ina yake. Karibu na sifuri polipropilini inakakamaa, mpira unasaidia ila vile vishikizo vidogo vya kubana vinakatika kirahisi, kwa hiyo usiigonge wala kuilazimisha, iingize kwenye chumba chenye joto la kawaida masaa kadhaa kwanza ndio ufunge.

Na kama imeshapinda kidogo usikimbilie moto. Mwagia maji ya moto pole pole, irudishe kwa mkono, halafu ishikilie hapo hapo mpaka ipoe kabisa, ukiiachia ikiwa bado ya moto inarudi ilikotoka.