Hirizi ni nini? Neno lililofungwa mwilini, kutoka Misri ya kale hadi Roma

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hukutana na neno hirizi mahali asipolitarajia. Katika Mathayo 23:5 Yesu anawasema waandishi na Mafarisayo kwamba “hupanua hirizi zao, huongeza matamvua yao.” Hirizi zinazotajwa pale ni visanduku vidogo vya ngozi ambavyo Wayahudi hujifunga kwenye paji la uso na mkononi wakati wa sala, na ndani yake mna maneno ya Torati. Kwa Kiebrania huitwa tefilini. Lakini Injili imetufikia kwa Kigiriki, na Kigiriki kinasema phylakteria, yaani vitu vya kulindia. Watafsiri walipotafuta neno la Kiswahili linalobeba kazi hiyo wakachukua hirizi, ambalo nalo linatoka kwenye Kiarabu hirz: ulinzi, mahali pa kujihifadhi. Naona walichagua vizuri sana, maana maneno hayo mawili yanakutana pale pale.

Wagiriki walikuwa na neno jingine, periapton, na maana yake ni kitu kilichofungwa kuzunguka mwili. Ukiyaweka pamoja maneno hayo mawili, la kulinda na la kufunga, umeshaipata dhana. Hirizi katika ulimwengu wa kale wa Mediterania ni kitu kidogo kinachofungwa shingoni, mkononi au kiunoni, au kinachotundikwa mlangoni, ili kimkinge mwenyewe na homa, nge, pepo, uchungu mbaya wa uzazi au jicho la hasidi. Kinaweza kuwa jiwe, mzizi, kipande cha mafunjo au bamba jembamba la fedha. Kinyume chake ni laana iliyokwaruzwa kwenye bamba la risasi: ile humfunga mtu mwingine, na aliyeiandika huenda kuitumbukiza kaburini au kisimani aiache huko. Hirizi hukaa na mwenyewe, anaoga nayo na kulala nayo.

Na kuna neno la tatu ambalo sisi tumelirithi bila kujua limetoka wapi. Talasimu, ile michoro na herufi za kinga, tumeipata kwa Waarabu. Waarabu waliipata kwa Wagiriki, ambao kwao telesma ilikuwa ibada iliyotimizwa, kitu kilichokwisha kuwekwa wakfu. Kwa hiyo mzee wa pwani anayetaja talasimu anatamka neno lililovuka bahari mbili.

Swali lililowasumbua watu wa kale wenyewe lilikuwa hili: nguvu ya hirizi iko wapi? Iko kwenye kitu, au kwenye neno?

Mwanafalsafa wa Kigiriki Plato analigusa katika mazungumzo yaitwayo Charmides. Kijana mzuri wa Athene anaumwa kichwa kila akiamka, na Socrates, mwalimu wa Plato, anasema anayo dawa. Dawa ni jani fulani, anasema, lakini kuna maneno ya kulisomea, na pasipo maneno hayo jani halifai kitu. Plato ana safari yake ya kifalsafa, anataka kufika kwenye tiba ya nafsi. Hata hivyo wasikilizaji wake hawakuhitaji kuelezwa jani na neno vinahusianaje. Walikuwa wamezoea kwamba dawa husomewa, kama mganga wa kwetu anavyotabana juu ya mizizi kabla ya kumpa mgonjwa.

Ushahidi unaonigusa zaidi kuliko wote ulitoka kwenye pango la makaburi huko Ketef Hinnom, Yerusalemu. Mwaka 1979 mwanaakiolojia Gabriel Barkay na watu wake walipata humo vitu viwili vidogo vya fedha, vimeviringishwa kama sigara, kila kimoja kikiwa na nafasi katikati ya kupitisha uzi. Kuvifungua kulichukua miaka, kwa sababu fedha ile ilikuwa nyembamba na kavu, tayari kukatika. Kilipofunuliwa, kikubwa hakikufika urefu wa sentimita 10. Kidogo kilikuwa karibu sentimita 4. Humo ndani, kwa herufi zilizokwaruzwa kwa ncha kali, mlikuwa na baraka tunayoijua kutoka Hesabu 6: “BWANA akubarikie, na kukulinda.” Wataalamu wengi wanaviweka kwenye karne ya 7 au ya 6 KK, na hakuna maandishi ya zamani zaidi yanayojulikana yenye maneno yaliyomo katika Biblia.

Fikiria jinsi kile kidogo kilivyofanya kazi. Mtu aliyekivaa hakukisoma. Hakuweza, kilikuwa kimekwisha kuviringishwa na kufungwa. Neno halikuandikwa ili lisomwe na jicho la mtu, liliandikwa ili likae karibu na ngozi yake. Tukielewa hilo tumeelewa sehemu kubwa ya hirizi zote zilizoandikwa, za Wayahudi, za Wagiriki, za Wakristo wa kwanza.

Wamisri waliingiza neno mwilini kwa njia nyingine. Walichonga mawe yenye sura ya mungu wao Horus akiwa mtoto, amesimama juu ya mamba, ameshika nyoka na nge mikononi, na pande zote za jiwe wakaandika maneno ya tiba. Lililo maarufu zaidi, la zama za farao Nectanebo II katika karne ya 4 KK, sasa liko Metropolitan Museum of Art, New York. Maandishi yake husimulia jinsi Horus alivyoumwa na nge na jinsi mungu wa kike Isis, mama yake, alivyopiga ukelele hadi mbinguni mpaka jua likasimama. Mgonjwa hakuhitaji kusoma kisa hicho. Maji yalimwagwa juu ya jiwe, yakapita juu ya herufi zote, yakakingwa chini, akanywa. Aliyewahi kuona kombe likiandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa maji ya kunywewa hatahitaji maelezo marefu. Sisemi kwamba kombe letu limetoka Misri ya mafarao. Nasema fikra ni ileile: neno lililoandikwa linaweza kuyeyuka likanyweka.

Neno la hirizi linalojulikana zaidi duniani lilianza kama dawa ya homa. Quintus Serenus, aliyeandika shairi la tiba kwa Kilatini, anaeleza namna ya kumtibu mgonjwa wa homa ya vipindi. Andika abracadabra. Chini yake liandike tena ukiwa umepunguza herufi moja, kisha tena, kila mstari ukipungua, hadi ibaki herufi moja peke yake, umbo likiwa kama pia iliyochongoka:

ABRACADABRA
ABRACADABR
ABRACADAB
ABRACADA

na kuendelea hivyo mpaka A. Kisha lifunge kwa uzi wa kitani, lining’inie shingoni. Hapa herufi zenyewe zinatenda. Neno linakwisha kidogo kidogo, na homa ifuate njia hiyo. Wala tusiione homa hiyo kuwa jambo la kuwaza tu: homa zinazopanda, zikashuka na kurudi kwa siku zake ambazo matabibu wa kale walizieleza kwa makini hivyo, nyingi zilikuwa malaria, na mabonde ya Italia na Ugiriki yaliijua vizuri. Aliyekesha na mtoto anayetetemeka kwa baridi huku mwili unawaka moto anaelewa kwa nini mzazi angeandika herufi zile hadi ya mwisho bila kuruka mstari.

Jicho la hasidi lilikuwa na hirizi zake, na hapo mara nyingi kitu kilitangulia neno. Wavulana wa Kirumi waliozaliwa huru walivaa kidani kiitwacho bulla, cha dhahabu kwa wenye nacho na cha ngozi kwa maskini, hadi siku ya kuvaa nguo za utu uzima, ndipo wakakiweka mbele ya miungu ya nyumba. Wasichana walivaa mwezi mwandamo. Watoto wachanga walifungwa marijani. Sanamu ya uume, fascinum, ilitundikwa milangoni, na mwandishi wa Kirumi Plinius anasema ilitundikwa hata chini ya gari la jemadari aliyerudi na ushindi, kwa kuwa siku ya kushangiliwa ndiyo siku ya kuhusudiwa.

Sisi husema hasidi hana sababu. Mwandishi wa Kigiriki Plutarch alimtafutia sababu. Katika mazungumzo yake ya mezani, wageni wanajadili kwamba macho hutoa kitu fulani, mkondo unaompiga anayetazamwa, na ndiyo maana hirizi za kijicho huwa na sura ya ajabu: sura hiyo huyavuta macho ya hasidi yaishie pale, yasimfikie mtoto. Ni maelezo ya mtu anayetafuta namna kitu kinavyofanya kazi, na kwangu yanastahili heshima hiyo.

Pale Antiokia, Antakya ya leo nchini Uturuki, nyumba moja ya karne ya 2 BK ilikuwa na picha ya vijiwe vya rangi mlangoni mwake. Katikati kuna jicho kubwa limefunguka. Linachomwa na upanga na mkuki wa ncha tatu. Nge anakuja kwake, na nyoka, na tandu, na mbwa, na chui, na ndege anayelidonoa kwa juu. Kando yake anapita kibeti mwenye pembe, amelipa mgongo. Juu yake kuna maneno mawili tu ya Kigiriki, kai sy: na wewe pia. Mgeni mwema aliyasoma kama salamu. Hasidi aliyasoma akajua kilichomo moyoni mwake kimejibiwa kabla hajavuka kizingiti.

Aliyelichukua swali la kitu na neno kwa uzito kuliko wote alikuwa tabibu Galen, wa karne ya 2 BK. Anasimulia habari za mtoto mwenye kifafa aliyefungwa shingoni mzizi wa mmea uitwao peoni. Miezi minane hakushikwa. Siku moja mzizi ukadondoka, na papo hapo kifafa kikampata. Akafungwa mwingine, akatulia. Galen akaona ahakikishe: akauondoa kwa makusudi, kifafa kikarudi. Basi akamfunga kipande kikubwa kibichi, na mtoto akapona. Galen hakusema ni miujiza. Alisema huenda chembe za mzizi zinavutwa kwa pumzi, au hewa inayouzunguka inabadilika. Hata leo mtu akitaka kujua kama dawa imefanya kazi, hatua ya kwanza ni hiyo: ondoa, tazama, rudisha.

Akafanya vivyo hivyo kwa yaspi ya kijani, jiwe lililosifiwa kwa maumivu ya tumbo. Vitabu vilivyohusishwa na mfalme Nechepsos wa Misri viliagiza lichorwe nyoka mwenye miale kichwani. Galen akatengeneza mkufu wa mawe hayo yasiyochorwa kitu, akaushusha hadi mawe yaguse chembe cha moyo. Yakasaidia sawasawa, anasema. Kwake, basi, nguvu ilikuwa kwenye jiwe, na mchoro haukuongeza lolote. Wachongaji hawakumsikiliza. Mawe yenye nyoka yule mwenye kichwa cha simba na miale yake yamejaa kwenye makumbusho hadi leo.

Si kila mtu mkubwa alizipenda. Plutarch anasimulia, akimtaja mwanafalsafa Theophrastus, kwamba Pericles, kiongozi wa Athene, alipokuwa anakufa kwa tauni mwaka 429 KK alimwonyesha rafiki hirizi ambayo wanawake walikuwa wamemvika shingoni, kana kwamba anasema: tazama nilivyozidiwa, hata nakubali na hili. Lakini ilikuwa shingoni mwake.

Dola nayo ilikuja kuziogopa. Mwanahistoria wa Kirumi Ammianus Marcellinus anaeleza kesi za mwaka 359 BK chini ya kaisari Constantius II, ambapo mtu aliyeshitakiwa kwa kuvaa shingoni kinga ya homa inayorudi kila siku ya nne aliweza kuhukumiwa kufa. Kitu kilekile ambacho Galen alikipima kama dawa sasa kilikuwa kosa la jinai. Hirizi haikubadilika, alibadilika aliyekuwa na uwezo wa kuipa jina.

Kanisa lilipata taabu yake. Mtaguso wa Laodikia katika karne ya 4 uliwakataza makasisi kutengeneza hirizi, na katazo kama hilo haliandikwi bila watu wanaozitengeneza. Yohane Chrysostom, mhubiri mashuhuri wa karne hiyo, akihubiri Antiokia, aliwakemea wanaojifunga sarafu za Aleksanda wa Makedonia kichwani na miguuni. Na alipofika kuifafanua ile Mathayo 23:5, ili waumini waelewe phylakteria ni nini, aliwapa mfano waliouona kila siku: wanawake wao wenyewe, wanaoning’iniza Injili shingoni.

Misri imetuhifadhia vipande vya mafunjo vya wakati huohuo, vidogo, vyenye alama za kukunjwa na kukunjwa tena hadi viingie kwenye kijaluba. Mgonjwa hutajwa kwa jina la mama yake, fulani aliyezaliwa na mama fulani, kama wanafalaki wa pwani wanavyouliza. Kisha homa zinaitwa moja moja ili isiponyoke hata moja: ya kila siku, ya siku moja baada ya nyingine, ya siku ya nne, ya usiku, ya mchana, ya baridi. Mponye. Na mwishoni, mara nyingi kuliko maneno mengine yoyote, mwandishi anamalizia kwa kurudia, kama mtu aliyesimama kando ya kitanda: sasa sasa, upesi upesi.